Picha ya 1985 iliyorudisha vigango viwili Pwani: tuizungumze kwa kina (uzi mrefu)

#1 Mwenye uzi

Wadau, salaam kwenu nyote.

Kuna picha moja ambayo naamini haijapewa heshima inayostahili, na leo nataka tuikalie kitako. Ilipigwa mwaka 1985 Pwani ya Kenya. Ndani yake yupo mzee wa Kigiriama pamoja na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliotangulia. Aliyeipiga ni Monica Udvardy, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifanya utafiti kwa Wagiriama. Haikupigwa kwa ajili ya maonyesho wala mahakama. Ilikuwa picha ya kazi, na kwa adabu ya kawaida mtafiti akarudi baadaye kumletea mzee nakala yake. Mzee akamwambia vigango havipo tena. Vimeng'olewa, vimeibwa.

Kwa wasio wa Pwani, nieleze kidogo. Kigango ni nguzo ya ukumbusho inayochongwa kwa mti mgumu, aghalabu muhuhu, ambao mchwa huushindwa kwa miaka mingi. Hasimikiwi kila mtu. Kwa Wagiriama ni haki ya wazee wa Gohu, chama cha wanaume wenye mali na heshima. Wengine huwekewa koma, kigingi kidogo kisicho na mapambo mengi. Tena hakichongwi siku ya mazishi. Hupita muda, kisha marehemu humtokea mtu ndotoni, au maradhi na mikosi huuandama mji (yaani boma la familia), na mganga akipiga ramli anasema mzee anadai kigango chake. Hapo mchongaji huitwa, watu hukusanyika, kinasimikwa, kinafungwa vitambaa, kinamwagiwa tembo la mnazi na kupewa chakula. Tangu siku hiyo marehemu ana mahali pa kusemeshwa.

Jambo la kushika vizuri ni hili: kikishasimikwa hakihamishwi. Watu wakihama mji, chenyewe hubaki pale pale, jua na mvua yake, mpaka ardhi ikichukue. Narudia kwa sababu wafanyabiashara waliovinunua walipenda kusema kwamba vilikuwa vimetelekezwa, vimesahauliwa porini, na wao wamevinusuru visioze. Huo si unusuru. Kuachwa mahali pake ndiyo desturi yenyewe, na kuoza taratibu mahali pake ni sehemu ya desturi hiyo.

Kuanzia miaka ya 1970 biashara ilipamba moto. Watalii walikuwa wamejaa Pwani, maduka ya vinyago yalikuwa Mombasa na Malindi, na vijana wasio na kazi waliona kwamba nguzo iliyosimama nyuma ya mji wa mtu ni pesa ya haraka. Waling'oa usiku. Aliyeng'oa alipata kidogo sana. Nguzo ile ile ikifika Marekani iliuzwa kwa maelfu ya dola. Wanunuzi wakiwemo waigizaji wa Hollywood walivipamba majumbani mwao, na baadaye wengi wakavitoa zawadi kwa makumbusho. Ndivyo mamia ya wazee wetu walivyoishia kwenye stoo na makabati ya vioo ng'ambo.

Turudi kwenye picha. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi wa masuala ya Afrika huko Marekani, Udvardy aliona slaidi za vigango ambavyo mwenzake, Linda Giles, alikuwa akivichunguza kwenye makumbusho huko Illinois. Kimoja akakitambua. Alikuwa na picha yake tangu 1985, kikiwa kimesimama nyumbani kwake na mwenye mji pembeni. Wakaungana na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakaitafuta familia na wakafuatilia kigango cha pili. Kilikutwa Virginia, kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, taasisi yenye moja ya mikusanyo mikubwa kabisa ya vigango nje ya Kenya.

Mwaka 2003 watatu hao wakachapisha utafiti wao. Hapo mlango ukafunguka. Illinois ikarudisha chake mwaka 2006, Hampton ikafuata, na mwaka 2007 familia ikakabidhiwa vyote viwili. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Ndugu zake walirudi, yeye hakuwaona.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Illinois ilikuwa na vigango 38. Kimoja kilikuwa na picha, kikajulikana ni cha nani, kikafika mpaka mlangoni kwa wenyewe. Vile 37 vilivyobaki vimerudishwa Kenya miaka mingi baadaye, na nawashukuru waliopigania hilo, lakini vimepokewa na Makumbusho ya Taifa kwa sababu hakuna awezaye kusema hiki ni cha mji gani na hiki ni cha nani. Makumbusho ya Denver nayo iliamua kurudisha 30 iliyokuwa navyo. Hali ni ile ile: vimerudi nchini, havijarudi nyumbani.

Kilichotenganisha kile kimoja na wenzake 37 si ubora wa mti wala ufundi wa mchongaji. Ni karatasi moja ya picha yenye tarehe, mahali, na mtu anayesema "huyu ni ndugu yangu".

Na msidhani sheria ndiyo iliyofanya kazi. Marekani wana sheria ya mwaka 1990 inayoyabana makumbusho yao kurudisha masalia na vitu vitakatifu, lakini inawahusu wenyeji asilia wa nchi yao. Haimgusi Mgiriama. Makumbusho yaliyorudisha vigango yalisukumwa na hoja na ushahidi, na picha ndiyo ushahidi ambao hakuna mkurugenzi aliyeweza kuupinga.

Karibuni. Maswali yote nitayajibu, nikijaliwa.

#2 Mchangiaji

Asante kwa uzi. Mimi ni mtoto wa Kaloleni, lakini kwetu tumeokoka. Mchungaji wetu husema hizo ni sanamu, na babu alipofariki wazee walipodai kigango baba alikataa kabisa. Sasa kwa nini tuhangaike na picha za vitu tulivyokwisha kuviacha?

#3 Mwenye uzi

Dada yangu, nashukuru umeuliza waziwazi, maana wengi wanaliwaza bila kulisema. Sitagusa imani ya nyumbani kwenu. Baba yako ana haki yake. Ila nitenganishe mambo mawili.

Kwanza, kigango hakiabudiwi. Kina jina la mtu. Ukimuuliza mzee anayemwaga tembo pale anasema na nani, atakutajia baba yake au kaka yake, kwa jina na ukoo. Unaweza kukataa kwamba marehemu husikia, lakini usimzulie mzee wa watu kwamba anaabudu gogo.

Pili, hata aliyeacha mila ana sababu ya kuuma meno anapoona mali ya ukoo wake imeng'olewa na kuuzwa. Kuna wezi waliotumia mahubiri kama kificho. Walijua kwamba mji uliogawanyika, nusu kanisani nusu kwenye mila, hautapiga kelele kigango kikitoweka. Nusu ya watu wataona aibu hata kwenda polisi. Picha haikutaki uamini chochote, dada. Inakutaka ukubali tu kwamba hapa palikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa wenu.

#4 Mchangiaji

Mkuu, mimi nipo Dar. Huku vinyago vya Wamakonde vinauzwa Mwenge kila siku na hakuna anayelia. Tofauti iko wapi?

#5 Mwenye uzi

Mkuu, tofauti ni kubwa. Kile cha Mwenge kimechongwa kiuzwe. Mtindo wa shetani ulioanza miaka ya 1950, ile minara ya watu waliobebana tunayoiita ujamaa, yote ni kazi ya wasanii waliokaa na mpingo wakijua mnunuzi yupo. Ni sanaa halali na ni riziki halali. Kigango hakikuwahi kuwa na bei.

Lakini hata Wamakonde wana vitu visivyouzwa, na Tanzania ina kisa chake ambacho wachache wanakikumbuka. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yalivunjwa, vitu kadhaa vikaibwa, kimojawapo kikiwa barakoa ya Kimakonde ya ngoma ya mapiko. Mwaka uliofuata barakoa hiyo ikanunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 ikagundulika kwamba ndiyo ile iliyoibwa. Na bado ilichukua miaka 20 ya barua na mazungumzo, mpaka Mei 2010 ndipo ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania.

Unaona kinachofanana? Ile ilikuwa mali ya makumbusho, imeandikwa, ina kumbukumbu zake, na bado ikachukua miaka 20. Sasa fikiria nguzo iliyosimama nyuma ya mji wa mzee huko Ganze, isiyo na hata mstari mmoja wa maandishi popote duniani. Ikitoweka leo, utaanza kuidai na nini?

#6 Mchangiaji

Swali la kiufundi. Vigango vinafanana: kichwa cha mviringo, mwili kama ubao, pembetatu pembetatu. Mtu anawezaje kuapa kwamba cha kwenye picha ndicho kile cha kwenye kabati la kioo? Wakili mzuri si atakuchanachana?

#7 Mwenye uzi

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Kwa mbali vinafanana. Kwa karibu, hakuna viwili vilivyo sawa. Anza na kichwa: vingine ni duara bapa, vingine vina uso uliochongwa kwa macho, pua na mdomo. Shuka shingoni na mabegani, angalia upana na mteremko. Kisha njoo kwenye nakshi. Zile pembetatu hukatwa kwa mkono, moja baada ya moja, zikipangwa kwa safu. Hesabu safu. Hesabu pembetatu katika kila safu. Tazama ni wapi mchongaji alibanwa na nafasi, akaipunguza ya mwisho au akaikata upande. Vingine vina duara lenye mfano wa ua kifuani, na umbali kati ya ua lile na ukingo wa ubao hauwezi kujirudia kwenye kigango kingine kwa bahati tu.

Halafu kuna alama ambazo mchongaji hakuziweka kabisa, na hizi ndizo zenye nguvu kuliko zote. Mti mgumu ukikaa juani hupasuka kufuata nyuzi zake. Ufa ulioanzia begani ukapinda kwenye jicho la mti, ukafia chini ya safu ya tatu ya nakshi: huo hauigiki. Ukingo uliomeguka, sehemu iliyolika upande mmoja kwa sababu mvua hupiga kutoka huko, mstari wa chini unaoonyesha palipokuwa udongo na palipokuwa hewa. Ufa unaweza kurefuka kwa miaka, lakini haurudi nyuma wala hauhami. Ukiweka picha mbili sambamba, ya zamani na ya sasa, wakili atapata kazi ngumu sana.

Jambo moja la tahadhari kwa wanaochunguza picha za zamani sana. Vigango vingi vilipakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Filamu nyingi za mwanzo wa karne iliyopita hazikuwa na uwezo wa kuona wekundu, kwa hiyo nyekundu ilitokea nyeusi kabisa. Usije ukakataa kwamba kigango ndicho kwa sababu picha inaonyesha nakshi nyeusi na wewe una kumbukumbu ya nyekundu. Vitambaa navyo visikuhangaishe, vilibadilishwa mara kwa mara na wezi huvitoa kwanza. Shika mti, achana na nguo.

#8 Mchangiaji

Naheshimu kazi yako ila naona hatari. Mkianza kupiga picha kila kigango na kuzitupa mtandaoni mnawatengenezea wezi katalogi. Wachague, walipe, waende na ramani.

#9 Mwenye uzi

Uko sahihi, na nashukuru umelisema kabla sijaulizwa na mzee yeyote wa kaya, yaani makao matakatifu ya jadi msituni. Sijasema popote kwamba picha itupwe mtandaoni. Picha ya ushahidi na picha ya kujionyesha ni vitu viwili.

Simu yako inaandika ndani ya picha mahali ulipokuwa umesimama, mpaka mita chache. Ukiituma kama faili kamili, anayeipokea anaweza kuusoma mlango wa mzee bila kukuuliza. Kwa hiyo: zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kuanza, kisha andika jina la mji na ukoo kwenye daftari, kando. Nakala moja ikae na familia, ya pili na mtu wa ukoo anayeishi mbali, ya tatu kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa walioko Pwani. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hapana. Kundi lenye watu mia lina mtu mwenye shida ya pesa.

Na kabla ya yote, omba ruhusa. Huendi mbele ya kigango cha watu na kamera kama unapiga mnazi. Unamwona mwenye mji, unaeleza, unasubiri. Akisema lazima kwanza pamwagwe kitu, pamwagwe. Akikataa, umekataliwa, rudi nyumbani. Ile picha ya 1985 ilikuwa na nguvu kwa sababu mzee mwenyewe yumo ndani. Hakupigiwa kigango chake kisirisiri, na uwepo wake ndio uliojibu swali la umiliki. Kwa hiyo mkipewa ruhusa, mwombeni mwenye mji asimame pembeni. Hapo mnapata pia kipimo cha urefu, maana kuna vigango visivyofika mita moja na kuna vinavyompita mtu mrefu.

Pigeni mbele, nyuma na ubavuni. Pigeni karibu kila safu ya nakshi, kila ufa. Jua la asubuhi au la jioni ndilo zuri, linalala na kuingia kwenye mikato; jua la saa sita linafuta kila kitu.

#10 Mchangiaji

Je, picha za enzi za mkoloni zipo? Zinaweza kusaidia?

#11 Mwenye uzi

Zipo, ndugu. Pwani ilipigwa picha na maofisa, wamisionari na wasafiri. Joy Adamson, yule mwandishi wa kisa cha simba jike Elsa, aliandika mwaka 1957 kuhusu makaya na nguzo za makaburi za watu wa Pwani. Shida ya picha nyingi za enzi ile ni maelezo yake. Unakuta nguzo nzuri, imepigwa kwa ustadi, na chini yake pameandikwa tu kwamba ni nguzo ya kaburi ya wenyeji. Jina la aliyekufa hamna. Jina la mji hamna. Mpiga picha ametajwa, marehemu hakutajwa. Inauma, kwa sababu mtu wa kuulizwa alikuwa amesimama pale pale.

Tukumbuke pia enzi yenyewe. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, baada ya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani, kuwaapisha watu wakatae kazi za kulazimishwa na kodi. Serikali inayolipua kaya haina haja ya kuandika jina la mzee aliyezikwa.

Hata hivyo msizidharau. Mkitafuta kwenye nyaraka za nje, jaribuni tahajia zote za zamani: Giryama, Agiryama, na pia Nyika au Wanyika, jina la dharau walilotupachika sisi Wamijikenda wote, makabila tisa ya Pwani ambayo Wagiriama ni mojawapo. Ukitafuta kwa jina la leo peke yake utakosa mengi. Ukipata picha, mpelekee mzee anayeijua sehemu ile, mwachie aitazame kwa muda wake. Wazee husoma vitu ambavyo sisi hatuvioni: umbo la kilima nyuma, aina ya paa, jinsi miji ilivyopangwa. Vilima havijahama.

#12 Mchangiaji

Mimi nimesoma kimya tangu juzi. Marehemu baba alikuwa mwalimu huko Magarini, na kwenye sanduku lake kuna picha za rangi nyeusi na nyeupe. Moja ina kigango na wanaume wawili. Simjui hata mmoja. Imeshikana na nyingine kwa unyevu. Nifanyeje?

#13 Mwenye uzi

Ndugu yangu, tafadhali usizibandue! Ukizivuta, uso wa picha moja utabaki kwenye mgongo wa nyingine, na kigango hicho kitakuwa kimepotea mara ya pili. Zitoe sandukuni, ziweke mahali pakavu penye kivuli, zisiguse plastiki. Kuna watu waliosomea kutenganisha picha zilizoshikana. Anza kwa kuuliza Makumbusho ya Taifa, Fort Jesus pale Mombasa.

Ile ya kigango kama uso wake unaonekana, ipige picha leo hii kwa simu, karibu na dirisha, bila flashi, na simu ikiwa sambamba nayo. Kisha geuza nyuma uangalie kama mwalimu aliandika chochote. Walimu wa zamani walikuwa na tabia hiyo nzuri. Kama hakuandika, usiandike wewe kwa kalamu ya wino. Wino hupenya ukatokea mbele. Tumia penseli laini, pembeni, kwa mkono mwepesi.

Kuhusu wanaume wawili: tafuta wanafunzi wa baba yako. Waliosomeshwa naye miaka hiyo sasa ni wazee, na wengi bado wapo. Waonyeshe mmoja mmoja, wasikae pamoja, ili mmoja asimfuate mwenzake kwa heshima tu. Kila anachosema kiandike na jina lake na tarehe. Wawili wakitaja mji mmoja bila kusikilizana, umepata pa kuanzia.

Nitumie ujumbe wa faragha ukishaitoa sandukuni. Picha yenyewe usiiweke hapa.